Mwendo wa Mama Nesi

Watoto wa shule walikuwa wanampita. Hilo nalitanguliza kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kulisema kabla mtu mwingine hajalisema. Watoto wenye fagio na vidumu vya maji, wakitembea tu na kupiga soga zao, walimfikia kwa nyuma, wakamwamkia, wakampita, wakapotea mbele. Naye aliitikia marahaba moja ya kuwatosha wote, miguu yake ikiendelea taratibu, haipandi juu, inasugua vumbi. Lakini alikuwa anakimbia. Ukisema anatembea ulikuwa umemkosea.

"Angalia visigino," aliniambia. "Anayetembea siku zote ana mguu mmoja chini. Mimi kuna mahali yote miwili iko hewani. Ni kidogo, rakini iko."

Hiyo "rakini" hakuiacha miaka yote aliyokaa Mwanza. Alikuwa Mhaya wa Kagera, na mtaani kwetu Butimba tulimwita Mama Nesi, basi. Habari za ukoo wake watasimulia wenye ukoo. Nilipomzoea alikuwa amekwisha kustaafu, ila cheo hakikustaafu naye. Mtoto akianguka kwenye mawe aliletwa kwake kwanza. Mtu akiamka na homa alimpitia yeye kabla ya kwenda zahanati. Mimi nilijileta mwenyewe, na wala sikuwa nimekusudia.

Nyumba yangu iko juu, katikati ya mawe, na njia ya kupandia inapita mbele ya ua wake. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya kukaa, na kwa miaka mingi nilikaa. Nguo zangu nazishona mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuniambia kwamba nimenenepa. Nilijulia kwenye mkasi. Kila gauni jipya niliachia akiba kubwa zaidi ubavuni ili baadaye nipate pa kufumulia. Jioni moja, nikiwa na furushi la vitambaa kichwani, nilifika kwake nikashindwa kuendelea. Niliegemea ukuta, moyo ukinipiga hadi masikioni.

"Shikamoo, mama," nilisema nilipoweza.

"Marahaba. Kaa."

"Napumzika kidogo tu, naendelea."

"Nimesema kaa. Pumzi ya namna hiyo haiendelei popote."

Alileta kipimo cha presha akanifunga mkononi. Kitambaa chake hakikunizunguka. Nilitaka ardhi inimeze, lakini yeye alikifungua bila neno, akaingia ndani, akarudi na kingine kipana. "Hiki ni cha watu kama sisi," alisema, akanifunga, akabinya mpira, akasikiliza huku amefumba macho. Alipomaliza hakunitajia kipimo. Aliniuliza kama mama yangu yuko hai. Nikamwambia hayupo, alianguka shambani Misungwi akiwa hajafika umri wa kuitwa mzee. Alikunja kipimo chake polepole.

"Basi kesho alfajiri uje hapa. Tutakimbia."

"Tutakimbia akina nani?"

"Mimi na wewe. Unamwona mtu mwingine hapa?"

Nilimtazama. Alikuwa mnene kunizidi. Akikaa kwenye kigoda, kigoda kilikuwa hakionekani. Nilidhani ananitania, nikacheka. Hakucheka.

*

Mbio zake alizipima kwa nguzo za umeme. Tulikimbia kutoka nguzo moja hadi ya pili, kisha tukatembea hadi ya tatu, kisha tukakimbia tena. Asubuhi ile ya kwanza sikuifikia hata hiyo ya pili. Nilisimama katikati ya barabara inayokwenda chuo cha ualimu, mikono magotini, mapaja yakiwaka moto kwa kusuguana, nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nikiwa msichana. Yeye alisimama pembeni yangu, naye anahema kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili.

"Leo tumekimbia vibaya," alisema. "Vibaya nako ni kukimbia. Twende tukapake mafuta."

Mafuta ya mgando, mapajani, kabla ya kutoka. Hilo yeye alilijua na mimi sikulijua. Alijua pia kwamba kifua kifungwe kwa kanga iliyokazwa juu ya sidiria, fundo nyuma. Alijua kwamba mtu mnene asikimbie na ndala. Viatu vyake alivinunua kwenye mitumba pale Mlango Mmoja, vya kiume, kwa sababu vya kike vilikuwa vyembamba. Hakuwahi kukimbia tangu utoto wake, kama mimi. Nilimwuliza ameyatoa wapi hayo yote, akasema, "Nimefikiria kwa muda mrefu. Nilikuwa namsubiri mtu wa kwenda naye."

Sikulitia maanani neno hilo wakati ule.

Alikuwa na sheria kwamba mkimbiaji lazima azungumze. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kwa hiyo aliniuliza maswali njia nzima. Jana ulipika nini? Yule bibi harusi amekulipa? Kwa nini hujaenda kumwona kaka yako? Nikamjibu kwa vipande, neno, pumzi, neno. Kwanza nilimweleza mboga. Baadaye, sijui tulifikaje huko, nikawa namweleza mambo ambayo sikuwa nimemweleza mtu: kwamba mume wangu alipohamia Geita kwenye machimbo hakuaga vizuri, kwamba nilianza kulala nimeketi kwa kuogopa kukosa pumzi, kwamba nilijitazama kwenye kioo cha kupimia wateja pale tu mteja alipokuwa amesimama mbele yangu. Ni vigumu kusema uongo ukiwa unahema. Pumzi haitoshi kwa maneno ya mapambo.

Yeye hakutoa pole. Alisema, "Nguzo ile," na tukaiendea.

*

Kulikuwa na kijiwe cha bodaboda kwenye makutano. Vijana wa pale hawakuwa wabaya, walikuwa na muda tu. Asubuhi moja mmoja wao alipaza sauti: "Jamani, pisheni! Malori mawili, breki hakuna!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Mama Nesi alisimama. Akavuka barabara hadi alipo yule kijana, akampa mkono.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo... shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyekupokea siku unazaliwa. Ulitanguliza makalio. Tulihangaika na wewe kutwa nzima, mama yako na mimi. Na hadi leo naona bado unatanguliza makalio."

Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Tangu siku hiyo kijiwe kile kilitusalimia kwa adabu, na yule kijana alituzuilia pikipiki tuvuke. Lakini mimi kicheko cha kwanza kilikuwa kimeshaniingia. Kesho yake sikutoka. Kesho kutwa pia. Niliamka alfajiri kwa mazoea, nikakaa kitandani gizani, nikasikia hatua zake kule chini, zile za kusugua, zikienda peke yazo.

Hakuja kunigongea. Ilipita kama wiki, ndipo akatokea kibandani kwangu mchana, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa kwenye mkoba kipande kirefu cha kitambaa cha rangi ya bluu iliyokoza.

"Nishonee suruali ya kukimbilia," alisema. "Iwe na nafasi. Hapa kati weka kitambaa mara mbili, ndipo zinapotobokea zote."

Nilimpima. Nilimpima nyonga na mapaja, na kila nilipozungusha utepe aliinua mikono juu kama mtoto. Hakuna mteja mnene niliyewahi kumpima ambaye hakuvuta tumbo ndani. Yeye aliliachia lilivyo.

"Kitambaa kimebaki," nilimwambia.

"Najua. Nilinunua cha wawili."

Tukawa tunakimbia na suruali za sare kama wanafunzi wa shule moja.

*

Ningemsifu tu ningekuwa nadanganya. Alikuwa na maneno makali kwa wagonjwa, hasa wanaume. Alichelewa kila mahali isipokuwa kwenye mbio: arusi, misiba, hata misa ya Jumapili aliingia padre akiwa ameshaanza kuhubiri, akatembea hadi benchi la mbele bila haya. Na kulikuwa na maandazi. Njiani kurudi tulipita kwa mama mmoja aliyekaanga maandazi barazani, na Mama Nesi hakuweza kulipita karai lile. Alinunua, akala akitembea, vidole vikimeremeta mafuta.

"Mama, si tumetoka kukimbia?"

"Hili silili. Nashukuru."

Alimpima presha kila mtu wa mtaa ule, akawapigia kelele waache chumvi, akawaambia wenye kisukari wakague nyayo zao kila jioni kwa taa. Yeye hakuna aliyempima. Nilipomtajia hilo alisema mganga hajigangi, akacheka kicheko chake kikubwa, na mimi nikacheka naye.

Nilipoanza kupungua, mtaa uliingiwa na wasiwasi. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Akipungua, watu hushusha sauti. Wateja walianza kuniuliza kama nakula vizuri. Mmoja aliniletea samaki sato wawili wakubwa, akaniambia nisikate tamaa, siku hizi kuna dawa. Kisha akina mama wa jumuiya walikuja jioni, wanne, na kitabu cha nyimbo, wakaomba kusali na mimi. Mama Nesi alikuwa kwangu wakati huo, anajaribishwa blauzi. Aliwasikiliza hadi mwisho wa sala, akasema amina, kisha akawaambia:

"Waitu, jamani, huyu haumwi. Huyu anakimbia. Mtu akivimba mnampongeza, akipungua mnamletea nyimbo za msiba. Ondokeni mkapike."

Wakaondoka wamenuna. Lakini mmoja wao alirudi kesho yake kuniuliza kwa kunong'ona kama nguo za kukimbilia nashona shilingi ngapi.

*

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa ziwani. Kufika huko bila kutembea kulituchukua msimu mzima wa mvua na sehemu ya kiangazi, na siku tuliyofika hatukushangilia, tuliketi juu ya jiwe tu, tukatetemeka miguu. Maji yalikuwa yametulia. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanarudi, taa zao zimezimwa, na wanawake wanawasubiri na mabeseni.

Mama Nesi alikaa akitazama magharibi. Kila tulipofika pale alitazama upande huo, ingawa hakuna kinachoonekana ila maji na kisiwa kimoja. Alisema alikuja Mwanza kwa meli akiwa nesi mdogo, amepangiwa kazi ya mwaka mmoja, na mama yake alimfungia ndizi zilizokaushwa za kumtosha mwaka huo. Mwaka ukaisha, akapangiwa mwingine. Akaolewa, akafiwa, akalea. Kila Desemba alisema mwakani narudi nyumbani.

"Migomba imeshanisahau," alisema siku moja. "Mgomba usipoupalilia wewe, unamtii mwingine."

"Si uende tu, mama? Ni safari ya usiku mmoja."

"Naenda. Nikiweza kupanda kile kilima cha kwetu bila kusimama, ndipo nitakwenda. Walioniaga walimuaga msichana mwepesi. Sitaki wanipokee kwa kunisukuma."

Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anakimbia kwa ajili yangu. Au hakuwa anakimbia kwa ajili yangu peke yangu. Nilikuwa nimejiona mgonjwa wake siku zote; kumbe nilikuwa mwenzake wa safari, na sikujua safari yenyewe inakwenda wapi. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, na tukakaa hivyo hadi jua likatufikia mgongoni.

*

Alianza kuchechemea baada ya Pasaka. Alisema kiatu kinambana. Akabadilisha soksi. Akasema tutembee kidogo, miguu imechoka. Kisha alfajiri moja sikumkuta nje. Niliingia uani, nikamkuta ameketi kitandani, mguu wa kulia umefungwa bandeji aliyoifunga mwenyewe, safi, nadhifu, kama ya hospitali. Chumba kilikuwa na harufu.

"Tangu lini, mama?"

Juu ya kabati kulikuwa na vidonge vya kisukari, vikasha kwa vikasha, vingine havijafunguliwa. Alikuwa anaugua kwa miaka, tangu bado yuko kazini, na hakumwambia mtu. Yule aliyewagombeza watu wakague nyayo zao alikuwa amekaa na kidonda kwenye unyayo wake wiki baada ya wiki, akakipeleka barabarani kila asubuhi ndani ya kiatu cha mtumba.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ningekuambia, ungenikataza kukimbia."

Nilimpigia simu binti yake, mwalimu huko Sengerema, akaja siku hiyohiyo. Tukampeleka hospitali. Madaktari walijaribu kuuokoa mguu, hawakuweza. Waliukata chini ya goti. Nilikuwa namwona wodini kila nilipofunga kibanda. Aliwaelekeza manesi vijana namna ya kutandika. Habari za mbio hakuzigusa, nami sikuzigusa. Alipotoka, binti yake alimchukua moja kwa moja kwenda kuishi naye, na nyumba ya pale chini ikapangishwa kwa watu wengine.

Sikujua mtu anaweza kupungukiwa na sauti ya viatu. Niliendelea kukimbia, kwa sababu mwili ulikuwa umeshazoea kuamka, lakini nilikimbia upande wa magari, nikimwachia yeye nafasi yake upande wa ndani. Magari yalinipigia honi. Nilirudi pembeni, baada ya hatua chache nikajikuta barabarani tena. Nilikuwa na pumzi za kutosha sasa, ningeweza kuzungumza kutoka chuoni hadi ziwani bila kupumzika, na hapakuwa na wa kuniuliza lolote. Simu yake ilipokelewa na binti. Mama amelala, aliniambia. Mama anakusalimu. Mama hataki kuzungumza leo.

*

Nilikwenda Sengerema mwaka huu, baada ya mavuno. Siku hizi wengi hupita darajani, mimi nilipanda kivuko, maana nilitaka safari iwe ndefu kidogo nijipange. Nilimchukulia vitenge na furushi la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao, niliowanunua kwa Mhaya mmoja sokoni.

Binti yake alinipokea barabarani. Aliniambia kabla hatujafika: mama anakula, vidonge anameza sasa, lakini hasimami. Magongo ya kutembelea yako nyuma ya mlango tangu walipotoka hospitali. Amekataa kuyagusa. Anabebwa kitandani hadi kwenye kiti, kwenye kiti hadi kitandani. "Labda wewe atakusikia," alisema.

Alikuwa amekaa kibarazani, amefunika miguu kwa kanga. Alikuwa amepungua sana. Mashavu yameingia. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama kutoka juu hadi chini, kwa muda. "Umekuwa msichana."

Tulikula senene. Nilimpa habari za mtaa: nani kaolewa, nani kazikwa, kijiwe cha bodaboda kimehamishwa. Alisikiliza vizuri. Nilijaribu kumtajia magongo, akageuza uso akasema ndizi za huku hazina ladha. Mchana ukapita hivyo. Nilipoanza kutazama saa ya kivuko, alisema ghafla:

"Mimi sijawahi kukuona ukikimbia."

"Mama! Tumekimbia pamoja miaka mingapi?"

"Nilikuwa pembeni yako. Aliye pembeni haoni kitu, anasikia pumzi tu. Kimbia nikuone."

"Sasa hivi? Na gauni?"

"Si umelishona mwenyewe? Linajua kunyanyuka."

Nilivua viatu vya safari. Binti yake alicheka, akazoa gauni langu nyuma akalifunga fundo. Mbele ya nyumba kulikuwa na barabara ya vumbi iliyonyooka kupita mashamba ya mihogo, halafu ikakata kona kwenye shule. Nikaanza polepole. Niliona haya mwanzoni, mtu mzima peku mchana kweupe, kuku wananikimbia. Kisha miguu ikajishika. Nikasikia sauti yake nyuma: "Legeza mabega!" Nikayalegeza. Nikanyanyua magoti. Sikuwahi kukimbia namna ile, mbio za kweli, upepo ukinipiga usoni, na nilijua kabisa nilichokuwa nafanya: nilikuwa nazikimbia na zake. Nilipofika kona sikutaka kusimama, nikaipita, nikaenda hadi mwisho wa uzio wa shule, nikashika mti, nikalia kidogo pale ambapo hawezi kuniona, nikajifuta kwa gauni, nikageuka.

Niliporudi kwenye kona nilitazama kibarazani. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilikimbia kipande kile kilichobaki kwa kasi kuliko mbio zote za maisha yangu. Alikuwa barabarani, nje kabisa ya ua, kanga imemdondoka, gongo moja kwapani na mkono mwingine kwa binti yake. Jasho linamtiririka. Binti alikuwa analia waziwazi.

"Mama, kuna nini?"

"Ulipokata kona nikakupoteza," alisema. Alikuwa anahema kwa nguvu, maneno yakitoka moja moja. "Pale nilipokaa... haionekani... ng'ambo ya kona."

Nikaingiza bega langu chini ya kwapa lake badala ya gongo. Akaniegemea, na uzito wake wote ukaja kwangu. Binti yake alitaka tumrudishe kitini. Mama Nesi alitikisa kichwa, macho yake kwenye kona. Kivuko cha jioni kilikuwa kinakaribia kuondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekitaja.